Baba, Ulinipima kwa Jipu

Mpendwa Baba,

Huko uliko natumaini hakuna majipu, wala watoto wa kupimwa kwa majipu.

Wewe dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mikono ikinuka spiriti hata wakati wa kula, ndiye uliyeambiwa uchague. Shule moja ya wauguzi Mbarara ilikuwa imekupa nafasi ya mtoto mmoja, nasi tuliomaliza masomo tulikuwa wawili, dada Feza na mimi. Nilimshinda katika biolojia, na ulijua. Ukasema alama za darasani hazimjui mgonjwa. Ukatuita zahanati, ambako mzee mmoja wa kijiji cha Rugaaga alikuwa amekaa na jipu mgongoni, ukatuambia tushike beseni. Ulipolipasua, Feza hakupepesa jicho. Mimi nililia, ingawa upande wangu wa beseni haukutikisika.

“Weye uko na machozi mingi,” uliniambia. “Bagonjwa habataki mutu wa kulia.”

Basi Feza akapanda lori, mimi nikapewa jembe.

Likizo ya kwanza alirudi na majina ya mifupa, akaniomba nimsikilize akiyakariri. Nilimsikiliza mpaka nikayajua yote, naye bado akichanganya ya mkono na ya mguu. Mtihani wa mwaka wa kwanza ukamwangusha, akarudishwa nyumbani. Nilimuuliza siku ile ya jipu aliwezaje.

“Nilikuwa naangalia mulango, mudogo wangu,” akasema. “Nilikuwa nawaza namna ya kutoka.”

Nikakuomba uniombee nafasi yake. Ukanijibu maji yakimwagika hayazoleki, ukaendelea kula.

Kisha ukalazwa hospitali ya Mbarara na kidonda cha mguu. Vita vilikuwa vimefika hadi mjini na kuwatawanya wauguzi, nikawa nakiosha mwenyewe kila asubuhi. Nililia, ndiyo, na kidonda kilikuwa safi. Siku moja ukanitazama sana.

“Kumbe hii kazi ingekufaa.”

Majirani wanasema nilipata baraka ya mzazi. Baraka gani? Miaka yote nikilima mahindi yako nilijifariji kwamba pengine uliona sawa, kwamba kweli nisingeweza. Faraja yangu ilikuwa hiyo tu. Ukaninyang'anya, halafu ukafa.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na sijakusamehe.

Ni mimi,
binti yako mdogo