Mieleka ya Kumaliza Matanga

Mantapala, upande wa Nchelenge,
siku ya Mungu, mwezi wa nane, 2025

Kisimba, mudogo wangu,

Huu ni mwaka wa nane tangu nitoke kwetu, nyuma ya Pweto. Natumaini barua hii inawakuta mukiwa na afya, wewe, muke wako na wote walio katika lupango ya tata, ua wa baba yetu. Mimi niko muzima. Soma neno hilo tena polepole: muzima. Vumbi la kiangazi limenipa kikohozi na magoti hayapendi tena kuinama shambani, lakini ninakula, ninasoma, na usiku ninalala.

Habari za huku si nyingi. Posho ya wakimbizi imepungua. Muhogo umezaa vizuri, mahindi hapana. Kitabu kikifika hapa hupita mikono yote, na nikikipata mimi kinakuwa kimebaki bila jalada. Unajua pia kwamba tangu mwaka jana nilikuwa ninajitayarisha kurudi. Shamba langu la hapa nilikwisha kumuachia jirani, na vyombo nilivifunga katika gunia. Kila nilipokupigia telefone kukuambia siku, ulinijibu kwa sauti ile ya upole, ya mudogo anayemuita mukubwa wake yaya: «Yaya, ngoja kwanza. Njia ingali mubaya.» Nikangoja. Gunia likakaa karibu na mulango mpaka panya wakalitoboa.

Sasa nikusimulie jambo la juzi, siku ya posho.

Hapa kuna mwalimu wa judo, Muzambia wa Nchelenge, kijana mwenye adabu. Anafundisha vijana wa kambi juu ya magunia ya makapi ya muchele yaliyoshonwa pamoja. Alitaka kufanya mashindano kati ya vijana wetu na wana wa wavuvi kutoka Mununga. Wakaniomba niwe mwamuzi, kwa sababu wanasema mimi nimesoma habari za mieleka ya dunia yote. Ni kweli nimesoma. Ulikuwa unanicheka zamani, unasema mutu anayesoma mieleka ni kama mutu anayesoma ugali.

Kabla hata mumoja hajavua shati, tulibishana asubuhi nzima juu ya sheria. Wavuvi walisema mutu akigusa chini kwa goti au kwa mukono ameshindwa, kwa sababu katika mutumbwi mutu wa kupiga magoti ndiye anayewazamisha wenzake. Kijana mumoja wa kambi akawajibu:

«Kwetu goti ni ya kuomba Mungu, aiko ya kushindwa!»

Mwalimu wa judo akasema kwake ni mugongo, lakini si mugongo tu. Anayeangusha lazima aangushe kwa nguvu na haraka, huku bado amemushika mwenzake, na kushika miguu kwa mikono ni marufuku. «Awe, awe, muzee,» alisema, akitikisa kichwa, «muguu, hapana kamata.» Na akianguka kwa ubavu tu, unaweza kumulalia pale chini na kumubana mpaka hesabu iishe.

«Mutu ameisha kuanguka, unamulalia juu ya nini?» akauliza muvuvi mumoja muzee. «Ni bibi yako?»

Walicheka mpaka mwalimu mwenyewe akacheka. Mimi nikawaeleza ninayoyajua. Katika mieleka ya Olimpiki kuna mitindo miwili: mumoja unaruhusu miguu, mwingine unakataza kugusa chochote chini ya kiuno. Yote miwili inataka mabega mawili yakae chini. Kuna tena ule muchezo uliokuzwa na watu wa Brazili. Kwao kuanguka ni mwanzo tu, kazi yenyewe inafanyika chini, na inakwisha pale mwenye kubanwa anapopigapiga kwa kiganja kusema imetosha. Halafu nikawaeleza ya kwetu, kama tata alivyotufundisha: mugongo peke yake ndio unahesabiwa, na mwenye kuangusha anamuachia mwenzake kidogo kabla hajafika chini, ili udongo umupokee bila kumuvunja. Kisha anamupa mukono na kumuinua. Kabla hajainuliwa, hakuna aliyeshinda.

Mwishoni walichoka na njaa, wakasema, basi, tufuate ya muzee.

Akaja kijana wa kambi aliyefika hapa mwezi uliopita tu, jina lake Ilunga. Alikuwa amesema anatoka Moba, nami sikumuangalia sana. Mupinzani wake alikuwa muvuvi mwenye mabega kama mulango. Walizunguka, wakashikana. Mara Ilunga akaingiza mukono wa kulia chini ya kwapa, akaushika mukono wake mwenyewe nyuma ya shingo ya yule muvuvi, akaingiza kiuno, akamugeuza. Na pale hewani akamuachia. Muvuvi akaanguka mugongo, puh, kama gunia la dagaa kapenta. Goti la Ilunga nalo likagusa.

Kelele zikaanza. «Goti! Goti imegusa!» wavuvi walipiga makelele. Mwalimu wa judo akasema kwake hiyo si alama nzima, kwa sababu alimuachia. Mukamato ule ni wa tata. Hakuna kijiji kingine kinachomuachia mutu namna ile, Kisimba, na wewe unajua.

Nikamuita karibu.

«Nani alikufundisha kumuachia mutu mbele ya kuanguka?»

«Kwetu tunafanyaka vile, tata. Muzee Kisimba njo anafundishaka batoto.»

«Kwetu wapi? Si ulisema Moba?»

Akainamisha kichwa. «Niliogopa, tata. Mutu mugeni anasemaka uongo kidogo. Kwetu ni nyuma ya Pweto.»

«Na huo mukamato ulikupa zawadi gani?»

«Mbuzi!» alijibu, akafurahi, kwa sababu watu walicheka. «Mwaka ilipita. Balikuwa banamaliza matanga ya yaya ya Muzee Kisimba. Bote nilibaangusha. Muzee Kisimba mwenyewe alikuwa mwamuzi.»

Nilimuuliza yaya huyo alikufa kwa nini. Swali lile lilitoka mudomoni mwangu kama la mutu mwingine.

«Maji, tata. Alizama mu ziwa Mweru wakati ya kukimbia. Mwili haikuonekana. Balizika koti yake.»

«Koti gani?»

«Ya kaki, ya vifungo vya pembe.»

«Na jina lake?»

«Mutoto mukubwa ya Muzee Kisimba njo alirithi. Jina, lupango, na mashamba ya kando ya mutoni. Siye bote tunamuitaka sasa Tata Mwelwa.»

Wakati huo wavuvi walikuwa wamechoka kungoja. Yule muzee wao akapaza sauti: «Muzee Mwelwa! Sema sasa, nani ameshinda?»

Ilunga aligeuka, akanitazama. Kicheko kilimutoka usoni.

«Tata, weye ni Mwelwa wa wapi?»

«Wa hapa,» nikamujibu. Nikamuonyesha yule muvuvi aliyekuwa bado ameketi chini. «Umupe mukono kwanza. Hujamuinua.»

Akamuinua. Ndipo nikasema Ilunga ameshinda. Alikuja nyumbani kwangu jioni, akaniomba ruhusa akupigie telefone. Nilimukataza. Nikamuambia neno hili ni langu, nitaliandika mimi mwenyewe, na mama mumoja anayevusha samaki wakavu atalifikisha.

Mudogo wangu, ulisikia sauti yangu katika telefone kabla ya kuchinja yule mbuzi, ukaisikia na baada. Ulisema njia mubaya, kumbe njia ilikuwa nzuri ya kutosha kuleta pombe na wapiga ngoma. Nimejiuliza usiku na muchana kama ulikuwa na shida. Mashamba yangelimwa bila mimi kufa. Mutoto wako angekaa katika lupango, nani angemufukuza? Mimi? Nilikuwa ninarudi nipate kona ya kuketi na kusoma, na mahali pa kuzikwa karibu na tata. Kumbe mahali hapo umelaza koti langu.

Nimepitia moja kwa moja michezo yote ninayoijua, nikitafuta sheria inayokupa haki. Mumoja unataka mugongo, mwingine mabega, mwingine goti, mwingine unangoja mutu aombe mwenyewe kuachiliwa. Kuna mieleka ya Senegali ambayo inaruhusu hata ngumi. Lakini yote inataka yule anayeangushwa awepo. Anakuona, anakushika, anajua nani amemuangusha. Sikupata muchezo hata mumoja ambamo mutu anaangushwa akiwa hayuko, na ndugu yake ndiye mwamuzi.

Sitakushitaki kwa mwami. Watu walikwisha kunyolewa nywele, walikwisha kuoga na kunywa. Jina likishavalishwa mutu halivuliwi. Nikitokea pale barabarani watoto watakimbia, na wakubwa watauliza ni mukosi gani umeingia kijijini. Nimemuambia jirani alime shamba kwa kugawana, na gunia nimelifungua.

Umusalimie muke wako, ambaye najua alilia kwa kweli, kwa sababu hakuambiwa. Umusalimie fundi wa baiskeli, rafiki yangu, kama angali hai. Huyo mutoto wako mukubwa umuambie simuchukii, na kwamba Mwelwa wa kwanza hakuwa mutu wa kuchelewa kulima. Shangazi yetu, aliyenibeba mugongoni, ameninyolea kichwa chake katika uzee. Kwake peke yake nataka useme kweli, kwa kinywa chako, umuangalie machoni. Watu wengine waache waamini wanachoamini.

Usinipigie telefone kuniambia njia imekuwa nzuri. Mimi sitarudi.

Ni mimi, yaya yako,
Mwelwa