Karani Ameniuliza Nawalea Akina Nani

Nachingwea, Jumapili, Julai 1955

Baridi ya leo si mchezo. Upepo umevuma tangu alfajiri, na vumbi la mashamba ya karanga limeingia hadi kwenye uji. Hata hivyo nina furaha, na nataka kuiandika ingali ya moto.

Ilianza Ijumaa. Tangu nipandishwe cheo pale karakana ya matrekta, mshahara wangu umefika mahali pa kukatwa kodi ya mapato. Karani, kijana wa Moshi mwenye adabu na haraka nyingi, akanipa karatasi nijaze: nimeoa au sijaoa, na nalea watoto gani. Mwenye watoto hukatwa kidogo. Nikaona kazi rahisi, nikaandika Rajabu na Fatu.

Karani akauliza wanasoma darasa la ngapi. Nikamjibu, nikaongeza kwamba ni watoto wa dada yangu, wanakaa kwangu.

"Na wako mwenyewe, Bwana Hamisi, huna?"

"Ninao, Bakari na Somoe. Lakini hao ni wa mjomba wao."

Alinitazama kama nimemwambia trekta linakula majani. Mimi nami nikamshangaa. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi nina wa dada yangu, shemeji Issa ana wangu. Nani asiyejua?

Kumbe sheria ya kodi haijui. Inataka niliowazaa.

Karani akanipa karatasi nyingine, nikaondoka nayo mfukoni nikiwa na hofu. Bakari anaingia jandoni mwaka huu, na Issa, kaka wa mke wangu, amekwisha sema kwamba akitoka huko angependa akakae kwake Malolo. Akisikia nimewaandikisha watoto serikalini kuwa wangu, atamchukua, na sitakuwa na la kusema.

Nampenda yule mtoto. Nyumba isiyo na kelele zake siitaki.

Mke wangu akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe, kabla watu hawajakutangulia." Basi jana nikadandia lori hadi Malolo, jogoo kwapani.

Nilimkuta Issa uwanjani anakung'uta ufuta. Nikamweleza yote. Akachukua mganda mwingine, akaendelea kukung'uta. Nilijuta kupanda lile lori.

"Yaani serikali ndiyo imekuchagulia watoto, shemeji?"

"Ndiyo hivyo, shemeji. Ni kwa ajili ya kodi tu."

"Mimi nalipa kodi ya kichwa kila mwaka, hajawahi kuniuliza mtu nalea nani." Akacheka peke yake. "Haya, waandike. Lakini jandoni nampeleka mimi."

"Nani mwingine ampeleke?"

Akaweka mganda chini, akafikiri. "Na akitoka, arudi kwako hukohuko. Mtoto kaandikwa kwako, halafu aonekane anakula kwangu? Si watakuja kunitoza mimi!"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba kodi haiendi hivyo. Nikaufunga. Nikamsaidia kukung'uta ufuta mpaka lori lilipopita tena, na jogoo nikamwachia.

Asubuhi hii nimewaandika. Bakari, Somoe, chini ya jina langu. Sikuwahi kuyaona majina yetu pamoja namna ile, na sioni haya kusema machozi yalinilenga. Nilimwita Bakari asome. Akasoma kwa sauti, kisha akauliza mbona Rajabu na Fatu hawamo.

Nikamwambia hao hata wasipoandikwa wamo. Mchana nimewapakulia wao kwanza, mbaazi zote nzito zikaenda kwao, Bakari akanuna.

Kesho karani atapata karatasi yake.

Ila shemeji, je? Nimwambie kwamba hakuna atakayekuja kumtoza?

Nitamwambia. Bakari akishaoa.