Up Siyo Juu

Jumatatu, 6 Mei
Kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo, chaki mpaka puani. Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. Give up, wakasema kukata tamaa. Vizuri. Beat up, nikawaambia kupiga. Rehema akanyoosha mkono: "Madam, sasa hiyo up ya nini? Anapigwa kuelekea juu?" Darasa zima likacheka. Nikacheka nao, maana jibu sikuwa nalo. Imenikera.

Jioni Saidi, mdogo wangu, amerudi na damu kwenye shati. Siyo yake. Amekuta ng'ombe ndani ya alizeti yetu, akampiga mchungaji. Alituhadithia mimi na mama huku anacheka. "Alishaanguka, nikaendelea." Akamaliza ugali, akaomba mboga tena.

Jumanne, 7 Mei
Nimepitia zahanati. Mchungaji mwenyewe ni Masanja, yule anayeniamkia kila asubuhi njiani. Taya limevunjika. Jicho, pua na shavu vimekuwa kitu kimoja. Mkono umekanyagwa, vidole vinaangalia kila upande. Mama yake alikuwa anamfukuzia nzi kwa khanga. Nikamwambia shikamoo. Akaendelea kufukuza nzi.

Saidi anasema, "Nilimpiga tu, dada." Namchukia kwa hiyo "tu" yake.

Jumatano, 8 Mei
Nimefungua kamusi kubwa ya ofisini. Up hapo siyo juu. Ni mpaka mwisho, mpaka kisibaki kitu. Eat up, kula ukamaliza. Na kabla ya kufika kwa watu, beat up ilikuwa ya mayai. Unapiga mpaka kiini na ute havijulikani. Nikaona uso wa Masanja. Nikafunga kamusi.

Halafu nikashtuka. Mbona na sisi tunayo? Futilia mbali. Tupilia mbali. Ulia mbali. Nani amewahi kuuliza mbali yenyewe ni wapi? Kesho namjibu Rehema.

Alhamisi, 9 Mei
Sikumjibu. Leo mnada, vipindi vya mchana havikuwepo. Nilikwenda kununua mafuta.

Ndugu zake Masanja wawili walimkuta Saidi kwenye nyama choma. Fimbo. Mlio wa fimbo kwenye mfupa wa mtu sijausahau, na sitausahau. Saidi akaangukia jiko, mkaa ukamwagikia shingoni, nikasikia harufu. Watu wakafanya duara, wengine wanapiga picha. Kuna mtu akapaza sauti: "Ulia mbali!"

Nililielewa hilo neno kwa mwili mzima. Nikamlalia Saidi. Nimepigwa mgongoni, begani, mgongoni tena. Mpaka mmoja akasema, "Ni mwalimu huyu," wakaacha. Ningekuwa muuza nyanya je?

Ijumaa, 10 Mei
Siwezi kulala chali. Mkono wa Saidi umevunjika, umefungwa plasta, shingo imebabuka. Kesho polisi wanakuja kuchukua maelezo, ya shambani na ya mnadani. Saidi amenibana: "Dada, sema nilimpiga tu. Ukisema vingine mimi nafungwa." Mama naye, "Neno moja tu, mwanangu."

Nina hasira na wote. Jana nilimkinga kwa mgongo wangu. Leo anataka na mdomo.

Jumamosi, 11 Mei
Askari akaniuliza, alimpiga? Nikasema kupiga ni neno dogo. Alishaanguka, akaendelea. Alitusimulia mwenyewe, anacheka.

Saidi alikuwa pale pale mlangoni. Alitukana tusi ambalo sitaliandika, akarusha kiti kwa mkono mzima. Kimenikosa, kimevunja dirisha. Nikawataja na wale wawili wa mnadani. Wakafuatwa kwao, wote watatu wamepakiwa kwenye gari moja.

Jumatatu, 13 Mei
Kidato cha pili. Nimefundisha nimesimama, kukaa kunauma. Nimemjibu Rehema: up hapo ni ile mbali yetu. Wameelewa mara moja. Wakataka mfano wa sentensi.

Nikaandika ubaoni, My brother beat up a man. Rehema akauliza mbona beat haina s. Nikamwambia kwa sababu imeshapita. Wakanakili. Hakuna aliyecheka.

Nyumbani mama amepika mlenda. Hajanisemesha tangu juzi. Ametenga sahani tatu. Ya Saidi ameifunika.