Siku Niliyosahau Kwamba Mimi Si Mkalimani Tena

Nakuru, Jumanne, Julai 1958

Baridi ya leo ilikuwa ya kuuma masikio. Ukungu umelala juu ya mlima Menengai tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi na moja jioni bado haujaondoka. Nimekaa kitandani katika chumba changu cha kupanga, viatu nimevua, na moyo umetulia vizuri sana kwa mtu aliyejiaibisha mbele ya korti nzima.

Nianze mwanzo, nisije nikajipendelea.

Leo Bwana Desai, wakili ninayejifunza kazi kwake, aliniruhusu kusimama. Masomo ya sheria niliyamaliza London na vyeti ninavyo, lakini vyeti peke yake havikufanyi wakili hapa. Lazima ukae mwaka mzima chini ya mtu mzoefu, na ikifika nusu ya mwaka atie sahihi karatasi inayosema unafaa kuendelea. Miezi sita nimebeba mafaili yake, nimenakili viapo vya watu, nimekaa nyuma yake kortini mdomo umefungwa. Wiki iliyopita akaniambia wazi: Jumanne utasimama wewe, hakimu amekubali. Ukisimama vizuri natia sahihi. Ukishindwa, rudi kwa kazi yako ya zamani.

Hiyo kazi ya zamani ndiyo iliyoniponza. Kabla ya London nilikuwa mkalimani miaka mitano katika korti hii hii, Kipsigis kwenda Kiingereza. Makarani bado wananiita hivyo. Asubuhi askari wa mlangoni alinionyesha kiti cha mkalimani, kwa heshima kabisa, na kidogo tu nikikalie.

Mteja wetu ni Arap Koech, mzee anayechunga kwenye shamba la Mzungu upande wa Keringet. Alishtakiwa kwa kupeleka mitamba wake wawili Molo bila kibali cha daktari wa ng'ombe, na wakati huu wa karantini ya mifugo hilo si jambo dogo. Yeye anasema aliruhusiwa. Nyapara wa shamba akaja kama shahidi wa serikali.

Nikasimama. Nikauliza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa: ni nani aliyemwambia Arap Koech aondoke na mifugo siku ile? Mkalimani wa sasa, mtu mpole anayekaribia kustaafu, akaliweka swali kwa Kipsigis. Nyapara akajibu, na alijibu kirefu, mikono yote miwili ikifanya kazi. Mkalimani akamgeukia hakimu: "Anasema alimwambia angoje."

Basi. Hotuba nzima ile imekuwa maneno matatu.

Kabla sijajua ninafanya nini, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka na ninatafsiri. Yote. Kwa ile sauti yangu ya zamani, bila kupumua: kwamba alimwambia angoje, kwamba Arap Koech ni mkaidi anayejulikana Keringet nzima, kwamba hakuna karatasi aliyowahi kuingoja maishani mwake, kwamba alicheka, na kwamba hapo ndipo Bwana mwenye shamba alipotokea akasema mwache aende, kibali kitafuata.

Wakili mwenye akili angeuliza swali jingine na kuichomoa ile sehemu ya mwisho peke yake. Mimi nilimpaka mteja wangu matope kwa Kiingereza safi, kisha nikamwosha, papo hapo.

Inspekta aliyekuwa akiendesha mashtaka alitabasamu. Hakimu akaweka kalamu chini. "Bwana Rono, wewe ni wakili au mkalimani? Chagua, maana huwezi kukalia viti viwili." Watu wakacheka. Nikaomba radhi, uso ukiwaka moto. Hakimu akaamuru maneno yangu yasiandikwe, shahidi aulizwe tena, na mkalimani aseme neno kwa neno. Nyapara akarudia yote, hata kile kicheko. Likaandikwa la ukaidi, likaandikwa na la Bwana.

Kwa kuwa mwenye shamba ndiye aliyeruhusu na kuahidi kibali, kabla ya saa sita Arap Koech alikuwa ameachiliwa, na mitamba wake wanarudishwa. Pale nje alinishika mkono akautikisa muda mrefu.

"Kijana wangu, leo maneno yamefika yote," akaniambia kwa lugha yetu. "Lakini hilo la ukaidi, si ungeliacha tu?"

Bwana Desai alitangulia kutoka kortini mpaka ofisini. Nilitembea nyuma yake nikiangalia visigino vyake. Akaagiza chai, akainywa mpaka mwisho, akafuta miwani. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyoomba ile kazi yangu ya zamani. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi, akatia sahihi.

"Kosa kubwa umefanya," akasema. "Wakili hatafsiri, wakili anauliza. Lakini mimi niko kortini hapa miaka mingi, na leo sikujua kama jibu limekatwa. Wewe umejua."

Nimefurahi. Niandike hivyo hivyo, nisijifanye mtu mzima sana: nimefurahi mpaka nimenunua maandazi manne na kuyamaliza njiani.

Ila kuna jambo sikumwambia Bwana Desai. Najua majibu yaliyokatwa yanavyosikika kwa sababu nilikuwa nikiyakata mimi.

Mwaka wangu wa mwisho wa ukalimani, mama mmoja wa Olenguruone, jina lake Taplelei, alisimama kizimbani kueleza kwa nini ng'ombe wa jirani alikutwa bomani mwake. Alianza mbali, tangu kifo cha mumewe. Alieleza pole pole, kila kitu mahali pake. Hakimu wa wakati ule akaangalia saa yake. Mama alipomaliza, nikasema: "Anakana."

Akafungwa miezi miwili. Kiingereza hakujua, lakini aliniangalia, na nikaona amejua.

Niliposafiri niliwaambia watu wote nakwenda kusoma kwa ajili ya maendeleo yetu. Ni kweli. Lakini nilikuwa pia nikimkimbia mama yule, na nimekimbia mpaka ng'ambo nikarudi pale pale.

Karatasi ninayo hapa mezani, wino umeshakauka. Nimebakiwa na nusu ya mwaka ya kujifunza kufunga mdomo. Jumamosi tukifunga ofisi nitapanda basi la Olenguruone nimtafute. Nikimpata, nitamwomba aanze tena, tangu kifo cha mumewe. Jumapili sina kazi. Akitaka, achukue siku nzima.