Roboti ya Bei ya Dagaa

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Nyumbani, Gungu. Kimya. Tangu tumzike Mama, nyumba hii ina sauti ya friji tu. Leo nimeanza roboti ya kuchati ya kikundi cha akina mama wa dagaa, mwalo wa Ujiji, pale mitumbwi inaposhusha samaki: wanatuma meseji, inawajibu bei ya siku. Naijenga kwa maktaba ya fankisheni — vipande vidogo vya programu, kila kimoja kinapokea neno, kinatoa jibu, basi. Hakikumbuki kitu. Neno lilelile, jibu lilelile. Ningekuwa hivyo na mimi!

Jumanne, 16 Septemba
Majaribio. Aibu! Nilitegemea waanze na "bei". Nani Ujiji anaanza na bei? Kwanza salamu: mwakeye, habari za kuamka, watoto hawajambo? Roboti: "Samahani, sijaelewa." Kila mmoja kajibiwa hivyo. Anifa, katibu wao, kanipigia — akina mama wanauliza huyo mtoto kalelewa na nani. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 18 Septemba
Fankisheni ya salamu imetangulia mbele ya zote. Inamwamkia kila mtu shikamoo, heri kumwamkia mdogo kuliko kumkosea mkubwa. Imekubali!
Jioni Mama Feliksi, mmoja wa akina mama hao, kapata bei yake lakini hakuondoka. Kaandika: "Umekula, mwanangu?" Roboti ikamwambia abonyeze 1 kwa dagaa wakavu. Nikaizima. Nikamjibu kwa mkono wangu: Bado, Mama.

Ijumaa, 19 Septemba
Tumechati na Mama Feliksi kutwa nzima. Anasema jua kali, dagaa wamekauka mapema. Mwanawe yuko Uvira, ng'ambo ya ziwa, hapigi simu. Kaniamuru nile, nikasonga ugali, nikala wote. Anadhani mimi ni nani? Anifa aliwaeleza kuwa anayejibu ni mashine. Sijamuuliza Mama Feliksi mwenyewe — naogopa jibu.
Alphonce, bosi wangu aliyeko Dodoma, kasema Jumatatu tunawakabidhi roboti yao. Baada ya hapo nisiguse meseji za wateja, mashine ijibu yenyewe. Nimesema sawa. Sawa gani?

Jumapili, 21 Septemba
Nimejaribu kuifundisha roboti kujibu "umekula". Nikaandika: Ndiyo, Mama, ahsante. Nikafuta. Nikaandika: Bado. Nikafuta. Jibu litakuwa lilelile kila siku, na atalisadiki. Nimeliacha tupu. Nilitaka kumuaga Mama Feliksi, nikashindwa. Nimelia kama mtoto.

Jumatatu, 22 Septemba
Niko mwaloni, naandika kwenye simu. Makabidhiano yamekwisha: makofi, soda, picha. Roboti inajibu yenyewe, sina tena njia ya kuingia. Anifa kanionyesha Mama Feliksi kwa kidole — mfupi, kitenge cha njano, anageuza dagaa kichanjani. Nimekaa karibu yake muda mrefu.
Kafuta mikono, katoa simu. Anaandika. Anasoma. Kakunja uso, kaandika tena. Anasoma tena.
Kamwambia jirani yake kwamba mwanawe wa kwenye simu amebadilika, sijui kaudhiwa na nini.
Mimi! Mimi hapa!
Sasa ameniona. Anauliza: binti, mbona unalia, una msiba? Nimeinamia simu, najifanya nina kazi. Anakuja, anapangusa mikono kwenye kitenge. Ananiuliza kama nimekul—