Kwa Habaryar Farey, Niliyekuuza kwa Simu

Habaryar yangu, mama mdogo uliyenilea,

Nianze na kicheko chako, maana ndicho kilichokuwa kikinikera zaidi. Kila Jumatatu nilipotoka kwenda posta ya Garissa kumpigia mhariri Nairobi, uliviacha vibuyu vyako vya maziwa ya ngamia, ukashika kiuno ukicheka, ukaniuliza kwa Kiswahili chako cha sokoni, "Leo nakwenda bosta kuuza maneno gani, hooyo?" Hooyo, yaani mama. Ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao, kwa jina lao wenyewe. Mama alikufa akinizaa, wewe dadake ukanichukua, na sijaitwa hooyo na mtu mwingine duniani.

Sikuwa nimeajiriwa na gazeti lolote. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, jina zuri la ombaomba mwenye kalamu. Nasimama kwenye kibanda cha simu, jasho linanitiririka, namtajia mhariri mawazo yangu ya makala: wanawake wanaouza maziwa, mwalimu anayehama na wafugaji, harusi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo. Yeye ana swali moja tu.

"Wamekufa wangapi?"

Hakuna aliyekufa, bwana.

"Basi nipigie ukiwa na stori."

Nikirudi ulikuwa umeshanisoma usoni. Siku moja ulisema, "Kazi gani hii, mtu anaomba ruhusa aseme aliyoyaona kwa macho yake?" Nami nikakujibu, "Wewe unajua nini? Hata kusoma hujui." Uliinama ukaendelea kufukiza vibuyu. Nilikula chakula chako jioni ile kama kawaida.

Kisha ukaja ukame. Ngamia wako waliokuwa kwa jamaa zetu Sangailu wakaisha mmoja mmoja, na vibuyu vikakauka. Ukasikia kwamba Ifo wakimbizi wanapewa unga na mafuta, wakati wewe, Mkenya, hupewi hata pole. Ukaamua kuwa mkimbizi. Na aliyekufundisha ukimbizi ni mimi! Siku tatu tuliketi kwenye mkeka, mimi karani wa kambi, wewe mwanamke aliyekimbia vita Kismayu, Somalia.

"Nyumba yenu ilikuwa karibu na nini?"

"Karibu na msikiti."

"Msikiti upi?"

"Wewe niulize tu. Nyumba ya Mwislamu iko karibu na msikiti, watanikamata wapi?"

Tulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa shashi yako ya kichwani. Sijacheka hivyo tena. Wakakuandikisha kwa jina la Halima wa Kismayu, ukapata kadi ya chakula, ukakaa kambini kwa shoga yako mmoja.

Jumatatu iliyofuata nikampigia mhariri. Usidhani nilitaka kuwatetea watu wetu. Nilitaka jina langu lichapishwe, basi. Nikamwambia: nina Mkenya anayejifanya mkimbizi ili ale.

"Hiyo nipe," akasema. "Ila jina mbadilishe."

Nikalibadilisha. Jina la kwenye kipande chako, kitambulisho cha Kenya, ni Habiba, nikalifuta. La kadi ni Halima, hilo nalo sikulitumia. Nikaandika Farey, Mwenye Kidole, jina ulilopewa utotoni kwa ajili ya kidole chako cha sita. Nilimfikiria msomaji wa Nairobi, ambaye kwake Farey si mtu. Yarabi, mimi Msomali mzima nilisahau kwamba kwetu jina la kipande ni la serikali, na la utani ndilo la mtu! Ifo nzima hapakuwa na aliyemjua Habiba wala Halima. Farey walimjua hata watoto wa kisimani. Na kidole nacho nilikieleza, tena kwa ufundi.

Gazeti lilifika kwa basi, likasomwa kwa sauti kwenye hoteli za chai. Siku ya mgao, mmoja wa wagawaji alisimama mbele ya foleni akaita, "Farey!" Nawe ukaitika. "Haa!" ulisema, ukageuka ukitabasamu, maana tangu uzaliwe hakuna aliyekuita jina hilo kwa ubaya. Shoga yako ndiye aliyenisimulia. Kadi waliichana hapo hapo.

Ukarudi kwangu Garissa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeyapanga hata majibu. Ukaketi, ukaniomba nikusomee. Nilisoma, nawe ukasikiliza, mkono wenye kidole cha sita umeuficha chini ya shashi. Nilipomaliza ukasema, "Rudia pale pa kidole." Nikarudia. "Umeandika vizuri, hooyo," ukasema. Heri ungenipiga kofi. Kesho yake ukapanda lori la kwenda Sangailu, kwa jamaa ambao nao hawakuwa na kitu. Sikukuzuia. Nilikuwa nafikiria makala inayofuata.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa humo nguoni, Habaryar, tangu nilipokuwa mtoto mchanga mgongoni pako.

Miezi miwili baadaye dereva wa lori lile la Sangailu alinikuta sokoni. Alinipa mkono, akashindwa kuuachia. "Habaryar wako tumemzika Ijumaa," akasema. "Njaa, na homa kidogo." Nikasema inna lillahi, kama mtu yeyote. Halafu miguu yangu ikaenda. Na sikwenda msikitini, wala kwa jamaa. Nilikuja kuzinduka nimeshika simu ya posta, na sauti yangu mwenyewe inasema: bwana mhariri, yule mwanamke wa kidole, aliyenyang'anywa kadi, amekufa kwa njaa. Nina stori.

Nilisikia karatasi zikipekuliwa upande wa pili.

"Mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja tu, bwana," nikajibu. Nikamshukuru kwa kunisikiliza.

Allah akurehemu, Habaryar, akupe maziwa huko uliko. Msamaha sikuombi, maana nakujua, utanipa.

Ni mimi,
yule uliyemwita hooyo.