Mama Kapinga na Motokari ya Mbio

Dilala (Kolwezi), 2 aprili 2024

Mwana wangu Stéphane,

Salamu kwako, kwa Tshibola bibi yako, na kwa mujukuu wangu Shekina mwenye ninamujua paka mu foto tu. Mi niko muzima. Goti ya kushoto inanisumbua asubui, lakini kisha chai inaniachilia. Wewe? Ile kikohozi ya vumbi ya manganèse ya mugodi yenu iliisha? Jibu kweli, usiniandikie "ça va".

Niliacha kalasi mwezi wa pili, kisha myaka makumi tatu na saba ya kufundisha. Balinipa sufuria kubwa na wimbo. Feza ya mwisho wa kazi nayo ilitoka, Mungu njo anajua ginsi gani. Sasa nataka kununua motokari.

Nimekwisha kuiona. Iko ku kiwanja ya Bwana Gloire, ule mwenye anauzisha motokari zenye bengine balikwisha kutumia. Ni fupi, ya manjano sawa yai, milango tatu, na nyuma iko na mabomba mbili ya moshi. Niliisimamia mupaka Gloire akaniuliza kama nimepotea. Akasema iko na turbo. Nilimuuliza turbo ni nini. Akasema: "Mama, ni kitu yenye inakusukuma mu mugongo." Stéphane, mu maisha yangu yote balionisukuma mu mugongo ni batoto ba kalasi ya sita siku ya kufunga masomo.

Permis ya kuendesha ninayo tangu 1991. Marehemu baba yako alikuwa ananipa volant, ule usukani, paka siku motokari ilikufa na bengine banaisukuma.

Wewe ni fundi. Niandikie bitu bya kutazama mbele ya kununua. Usinipigie telefone, réseau ya kwenu inakula maneno, na mi ninataka karatasi ya kushika mu mukono pale kiwanjani. Asani mwenye kamyo anapita kwenu kila wiki mbili; atabeba barua.

Mama yako,
Kapinga


Kisenge, 15 aprili 2024

Mama mupenzi,

Barua ilifika, na mafuta ya mawese pia. Tshibola anakushukuru sana. Kikohozi inapunguka, kweli. Shekina ameanza kutembea, lakini anageuka paka upande wa kushoto, anazunguka meza.

Tulisoma barua yako pamoja. Tshibola alicheka mupaka akakaa chini. Mi sikucheka.

Mama, ile ni motokari ya mbio. Baliitengenezea kijana mwenye hana bibi wala ratiba. Iko karibu na udongo, kila tuta ya Kolwezi itakuna tumbo yake. Inakunywa essence, petroli, ya muzuri tu. Na mwenye aliitumia mbele yako hakuinunua juu ya kwenda misa pole pole: aliikanyaga kila siku. Na uko na myaka makumi sita na mbili. Kwa nini si mabati mapya? Ao frigo ya kuweka chakula baridi?

Lakini uliniuliza, na mi ni mutoto wako. Basi shika.

Fika asubui mapema, mbele muuzaji hajaiwasha. Weka mukono juu ya capot, kifuniko ya moteur. Ikiwa ya moto, alikwisha kuitayarisha, rudia siku ingine. Moteur inapowaka ikiwa baridi, simama nyuma, tazama moshi. Nyeupe kidogo yenye inapotea, sawa. Ya bleu ni huile, mafuta ya moteur, inaungua, na huile mu moteur ya turbo ni sawa damu. Geuza ufunguo mbele ya kuwasha: taa zote ndogo zitawaka, kisha zitazima. Ile yenye haiwake hata kidogo, kuna mutu aliitosha, aliiondoa, juu ya kukuficha ugonjwa. Tazama pneu, mipira ya magurudumu: zikilika upande moja tu, motokari iligonga kitu. Pitisha sumaku ku bati. Pahali haikamate, chini yake ni mastic, ile udongo banapaka kwa kujaza shimo ya accident. Na embrayage, klachi yenye inaunganisha moteur na magurudumu: ukiwa mu vitesse ya tatu, gia ya tatu, pole pole, kanyaga pedali ya essence mupaka chini. Ikiwa moteur inalia na motokari haiongeze mbio, embrayage imeisha.

Kama hata moja haiende, acha. Usione huruma. Noeli nitajaribu kuja, kazi ikiruhusu.

Mutoto wako,
Stéphane


Dilala, 9 mai 2024

Mwana wangu,

Natumaini mutu hakuna mugonjwa kwenu. Hapa hata goti imenyamaza; nafikiri inapenda mambo mapya. Mwambie Shekina asigeuze njia yake juu ya watu: mutu anaweza kufika akizunguka.

Nilienda kwa Gloire saa kumi na mbili ya asubui. Nikaweka mukono ku capot: moto sawa mukate. Nikamwambia, "Nitarudia kesho." Kesho yake, moto. Akasema ni jua. Nikamuonyesha jua, ilikuwa haijatoka. Siku ya tatu nilifika saa kumi na moja na nusu na kiti yangu, nikakaa mbele ya motokari nikifuma mupaka yeye mwenyewe akafika na kifungua kinywa chake mu mukono. Alisimama pale sawa mutoto mwenye amekuta mwalimu ndani ya kalasi mbele yake.

Iliwaka baridi. Moshi ya bleu, Stéphane, ya kutosha kufukuza mbu ya Dilala yote. Gloire akasema, "Ni asubui tu, mama, hata mutu anatosha moshi asubui." Nikamwambia nimesikiliza myaka makumi tatu na saba batoto benye banasema ni upepo njo ilivunja dirisha.

Kisha nikatosha sumaku ya kalasi, niliivalisha kitambaa juu isikwaruze. Mbele ilikamata. Ku mulango ilikamata. Nyuma ilianguka. Niliiweka tena, ikaanguka tena. Nyuma yote ni udongo, mwana wangu, hata ungeweza kupanda maharagi. Gloire akainama akaiokota sumaku yeye mwenyewe, akajaribu, ikaanguka. Nafikiri naye hakujua. Alinunua ile motokari Kasumbalesa bila kutazama.

Nilimupa saba juu ya makumi mbili. Niliandika na bic nyekundu, nikaacha karatasi chini ya essuie-glace, ile fimbo ya kupangusa kioo.

Mama yako


Kisenge, 21 mai 2024

Mama mupenzi,

Salamu mingi. Tuko wazima, Shekina amejua kugeuka kuume sasa.

Nilifurahi kusoma barua yako, na nilimusomea kila mutu ku atelier ya mafundi. Chef wangu anauliza kama unaweza kuja kutazama kamyo zetu. Namushukuru Mungu ginsi iliisha. Sasa fikiria mabati. Mu Kolwezi kuna pikipiki za taxi-moto kila pahali, hautakosa mutu wa kukupeleka misa.

Noeli, nitajaribu.

Stéphane wako


Dilala, 30 juni 2024

Mwana wangu Stéphane,

Nawasalimu bote. Mi niko muzima kupita zamani, na utaona kwa nini.

Haikuisha. Wiki mbili kisha ile karatasi nyekundu, Gloire alinikuta ku nyumba, akaketi mu kiti ya baba yako bila kualikwa, akasema: "Mama Kapinga, unaniulia kazi. Banunuzi bote banauliza: mama wa sumaku amekwisha kuiona?" Nilifikiri anakuja kugombana. Kumbe alitaka nimufundishe. Sasa kila jumapili, kisha misa ya pili, ninaenda pale kiwanjani, tunapitia karatasi yako, kitu moja moja. Mbele alikuwa anapokea motokari na macho tu, sawa mutu anachagua nguo. Batu banakuja na zao pia. Agnès wa duka ya simenti alinikodisha juu ya jeep ya bwana yake. Nilikuta taa moja ya moteur haiwake hata kidogo. Nilipomuambia bwana yake, alitazama viatu vyake.

Lakini nisikupotezee wakati. Motokari ya pili imefika. Si ya manjano. Ni ya kijivu, ile ile fupi. Ilikuwa ya daktari mwanamuke wa Likasi, na kitabu ya garaji iko na kila muhuri. Capot baridi. Moshi, kidogo nyeupe, ikapotea. Taa zote ziliwaka zikazima. Sumaku ilikamata pahali pote, mupaka nikachoka kuivuta. Ilibaki embrayage.

Tulienda ku barabara ya Mutoshi, pahali panyooka. Mi ku volant, Gloire pembeni. Nikaweka ya tatu, pole pole, sawa ulivyoandika. Akasema, "Mama, hapa inatosha." Nikasema, "Barua inasema mupaka chini." Nikakanyaga mupaka chini.

Stéphane, ilinisukuma mu mugongo.

Sikujua kama mutu anaweza kucheka bila kutaka. Gloire alikuwa anashika mulango na mukono moja na ceinture, mukaba ya kiti, na mukono ingine, anaita jina ya mama yake. Tulipita taxi-moto zote. Tulipita hata moja yenye ilikuwa na mbuzi. Embrayage iko muzuri kabisa. Tuliporudi Gloire alibaki mu motokari wakati kidogo mbele ya kushuka.

Nimeipa kumi na saba. Natosha tatu juu ya pneu ya nyuma yenye imechoka na kiti yenye ina tundu ya sigara. Sijanunua bado. Wewe ni fundi, na wewe ni mutoto wangu moja. Sema ndiyo ao hapana, na sababu.

Mama yako


Kisenge, 12 juli 2024

Mama mupenzi,

Tuko wazima bote. Barua yako ilinikuta nimekaa, afazali vile.

Jibu ni hapana.

Umeomba sababu. Niliandika moja juu ya barabara, nikaipasua. Niliandika ingine juu ya bei ya pneu, Tshibola akaisoma akaipasua yeye mwenyewe. Alisema: "Mwambie mama yako kweli ao mi nitaandika."

Ile maneno yote ya capot na sumaku, ni kweli, kila fundi anayafanya. Lakini nilikutumia juu uchoke. Hakuna motokari ya mbio ya zamani yenye inapita ile yote, nilijua hivyo. Sikujua wewe hauchoke.

Mama, siku ya kilio ya baba nilikuahidi kurudi kisha mwezi moja, nitengeneze nyumba. Mwezi ulipita kazi ikiwa haijalipwa. Kisha mwingine. Kisha mwaka, na nikaona haya kufika na mikono mitupu, na kila mwezi haya iliongezeka. Sasa ni myaka tatu. Wakati unaandika "motokari", mi ninasoma "nitakuja". Na ukikuja utaona: tuko mu chumba moja. Kitanda, meza, na Shekina anazunguka meza kwa sababu hakuna pahali pa kwenda mbele. Batu kule kwenu banafikiri mi ni fundi mukubwa. Wewe nawe unafikiri hivyo. Nilitaka ubaki ukifikiri.

Usinunue. Ngojea kidogo. Noeli nitakuja, nitajikaza.

Stéphane


Dilala, 23 juli 2024

Mwana wangu,

Niko muzima. Nimesoma mara tatu. Asante Tshibola.

Mama yako


Kisenge, 12 agosti 2024

Mama mupenzi,

Habari ya siku hizi? Sisi tuko muzuri kwa mwili, lakini mi sina raha. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari mbili, na tangu nizaliwe hujawahi kuniandikia chini ya ukurasa. Ulikasirika? Kama ulikasirika, andika hasira yote, nitaisoma yote.

Asani anasema mara ya mwisho alipiga hodi kwako na hakukukuta. Jirani alimwambia uko kwa Gloire. Alienda kwa Gloire. Gloire akasema hajui kitu, lakini alisema haraka sana. Asani anasema pia mahali pa ile motokari ya kijivu pako wazi.

Mama, tafazali, usitoke na ile motokari nje ya Kolwezi. Hata kamyo zinalia mu ile barabara. Kama unataka kuja, ngoja nitume mutu. Nitakuja mi mwenyewe, si Noeli, mwezi huu.

Nampa Asani barua kesho asubui. Nijibu na yeye.

Mutoto wako,
Stéphane


Mutshatsha, 14 agosti 2024

Mwana wangu Stéphane,

Salamu kutoka ku misioni ya hapa. Niko muzima, nimekula muzuri, masista bananipa chumba. Asani alinikuta barabarani leo akishuka Kolwezi, akanipa barua yako. Alikuwa anataka kucheka lakini aliniheshimu. Barua hii anaipa mwenzake mwenye anapanda kwenu, atakukuta kesho.

Sikukasirika. Nilikuwa ninatayarisha safari, njo sababu mistari ilikuwa mbili.

Nilinunua. Nilitoka juzi, ni kiangazi, barabara iko kavu, nilienda pole pole sawa mutu anabeba mayai. Isipokuwa pale panyooka mbele ya daraja. Pale sikuenda pole pole. Motokari yenyewe haina kosa hata moja, nataka ujue. Moteur iko baridi asubui na inaimba muzuri. Ni shimo moja, karibu na hapa, ilikuwa imefichwa na vumbi. Pneu mbili za kuume zilipasuka pamoja, na roue moja, chuma ya gurudumu, ilipinda. Vijana batatu balinyanyua motokari na mikono, mi ndani, juu sikutaka kushuka.

Sasa sikia juu ya chumba. Mi na baba yako tulianza Kolwezi mu chumba moja, na mama yake ndani, na kuku za mama yake. Wewe ulizaliwa mule. Baba yako alikuwa fundi mukubwa mule ndani ya chumba na nje pia. Sikuomba unitengenezee nyumba. Ile mabati ya juu inavuja pahali pamoja tu, nimeweka sufuria yenye balinipa ku masomo, inatosha. Wewe ulikaa myaka tatu ukingoja mikono ijae, na mi nilikaa myaka tatu nikifikiri nilikukosea kitu siku ya kilio. Ungeniandikia. Mi ninasoma kila kitu.

Na usifikirie nilinunua motokari juu yako tu. Ningeinunua hata kama ungekuwa unakaa ku nyumba ya pili. Naipenda.

Nitalala mu chumba yenu, pembeni ya meza. Nikikoroma, Tshibola aniguse mu mugongo.

Omba chef yako siku mbili. Kuja na Tshibola na Shekina, kamyo yoyote. Beba cric ya kunyanyua motokari na ufunguo wa roue, zangu ni za kuchezea. Leta pneu mbili, kipimo niliiandika nyuma ya karatasi hii, na roue moja yenye haijapinda. Itazame muzuri mbele ya kuilipa.

Dereva usilete. Niko mi.

Mama yako,
Kapinga